Maandishi juu ya samaki wetu: ufunguo wa depo ukae kwetu



Kila asubui samaki wa Tshangalele wanafika ku masoko ya Likasi. Ba mama wanaangalia jicho la samaki, wanabishana bei, wanaweka mu kitunga. Mangaribi samaki wako ku meza pamoja na bukari, na watoto wanakula. Mama anajua kuchagua samaki muzuri na kuacha wenye wameoza. Lakini kuko kitu kimoja chenye jicho halioni: ni metali zenye zinaweza kukaa mu nyama ya samaki.

Juu ya metali hizo, watu walishaandika. Mwaka 2010 gazeti moja ya wachunguzi kule Ubelgiji, jina lake Tropicultura, ilitosha kazi yenye ilifanywa mu bonde la Lufira ya juu. Wachunguzi walifuata shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani, vanadi na arseniki mu chakula cha maji, namna metali zinatoka ku kimoja na kuingia ku kingine, paka ku samaki. Mwaka 2016 wachunguzi wengine walitosha kazi mu gazeti ya Ulaya juu ya ziwa letu hili la Tshangalele, na neno lao kubwa lilikuwa: watu wenye kula samaki hawa wanapata metali gani mu mwili?

Tuulizane kwa kweli. Ku Kikula, ku Shituru, ku Panda, ni nani alishasoma maandishi hayo? Ni mama gani wa soko alielezwa neno moja tu la ndani? Mutu akikuja kuchota maji yako, kupima samaki wako na kuandika juu ya tumbo la mutoto wako, halafu maandishi yakaenda mbali na haukuyaona, wewe umebakia na nini?

Hatuandiki hivi juu ya kuogopesha watu, ao kuharibia biashara ya ba mama wenye kuuzisha samaki. Mwenye njaa hawezi kukula onyo. Tunaandika juu ya jambo moja: maandishi yenye yanazaliwa mu maji yetu na mu mwili wetu yapashwa kuwa na nyumba karibu na sisi, na ufunguo wa nyumba ile ukae mu mikono yetu.

Tukumbuke kwanza ziwa lenyewe. Tshangalele ni mutoto wa kazi ya shaba. Lilizaliwa wakati Union Minière ilifunga mto Lufira ku Mwadingusha juu ya kupata umeme wa mashini zake, na umeme wa Mwadingusha ulianza kutoka mwaka 1930. Maji yenye yanatoka Likasi, fasi ya viwanda na ya malundo ya zamani, yanashuka na mito midogo paka Lufira, na Lufira inayaleta mu ziwa. Kwa hiyo mutu wa mugodi na mutu wa ndoana wako mu neno moja. Kile kinatoka ku kazi ya baba kinaweza kurudia nyumbani mu kitunga cha mama.

Na si samaki peke yake. Mwaka 2009 waganga na wachunguzi wa Iniversite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliandika juu ya mikojo ya watu 351. Watu 40 kati yao walikaa mbali, fasi yenye haina migodi wala viwanda. Wengine walikaa hapa kwetu, mu eneo la migodi. Walikuta kobalti mingi sana mu miili ya watu wa huku, na waliandika kama ilikuwa kipimo kikubwa kupita vyote vyenye vilishaonekana ku watu wa kawaida duniani. Wenye walikaa karibu kabisa na mugodi ao na kiwanda walikuwa na mingi zaidi. Mikojo ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wanaume, ya wanawake na ya watoto wa Katanga. Lakini magazeti mingi ya aina ile yanaomba makuta juu ya kusoma mukanda mumoja, na makuta yale yanaweza kupita yale ya chakula cha siku mingi mu lupango yetu.

Kuko tena maandishi ingine yenye iko karibu zaidi, na inapotea zaidi. Kila mwaka vijana wetu wanamaliza masomo na wanaandika memware. Mumoja anaandika juu ya vumbi ya barabara ya mugodi. Mwingine juu ya muhindi wenye unaota karibu na kiwanda. Mwingine juu ya wachimbaji wa mikono, ao juu ya nyumba za zamani za kambi, ao juu ya maisha ya wazee wenye walitoka ku Gécamines mwaka 2003, wakati watumishi zaidi ya 10.000 walikamata malipo ya mwisho na kurudi nyumbani. Baba aliuzisha kitu juu ya kulipa masomo, mama aliamuka saa kumi ya usiku juu ya biashara, na mutoto akaandika kurasa 80. Kisha memware inachapwa mara tatu ao ine. Moja inakaa mu kabati ya masomo, moja ku profesere, moja nyumbani. Ile ya nyumbani muchwa unaikula. Ile ya kabati inapata vumbi. Mwaka wenye unafuata kijana mwingine anakuja kuanza kazi ile ile upya, sababu hakujua kama mwenzake alishaifanya.

Sasa dawa iko, na si ya ndoto. Mu iniversite za dunia wanaiita depo ya maandishi. Sisi wote tunajua depo: depo ya bière, depo ya sementi, depo ya unga. Depo hii ni ya maandishi, na inakaa mu ordinatere. Kila memware, kila tezi, kila kazi ya profesere inaingia mule. Inapewa jina la muandishi, mwaka, maneno ya kutafutia, resume, na namba yenye haitabadilika. Mutu mwenye telefone anaandika "Tshangalele" ao "kobalti", na maandishi yote yenye inahusu neno lile inatokea. Hata kama iniversite inahamisha mashini yake, namba ile inabakia ileile, na musomaji anafika.

Programu yenye inajulikana sana juu ya kazi hii inaitwa DSpace. Ilitoka mwaka 2002, na ilitengenezwa na iniversite ya Marekani yenye jina MIT pamoja na kampuni Hewlett-Packard. Kuko na EPrints, yenye ilitoka mwaka 2000 ku iniversite ya Southampton, Uingereza. Zote mbili ni programu za wazi. Neno hili "wazi" ndilo tunataka kueleza vizuri, sababu ndani yake ndimo muko jambo lote.

Wazee wenye walitumika ku atelye ya Panda watatufahamu mbele ya wengine. Wakati kipande cha mashini kilivunjika, wao hawakungojea tu meli ilete kingine kutoka Ulaya. Walikamata muchoro, walipima, waliyeyusha chuma, walichonga, na mashini ikazunguka tena. Nguvu yao ilikuwa mu mikono, ni kweli, lakini ilikuwa pia mu muchoro. Bila muchoro, fundi muzuri kabisa anabakia kuangalia mashini yenye imekufa.

Programu ya kufungwa ni mashini yenye wanakuuzishia bila muchoro. Unalipa dola mwaka huu, unalipa tena mwaka wenye unakuja. Siku haulipe, mulango unafungwa, na maandishi yako iko ndani. Ikiharibika, unaandikia kampuni ya mbali na unangojea. Ukitaka kuongeza neno moja la Kiswahili ku meza yake, unaomba ruhusa. Programu ya wazi ni mashini yenye inakuja na muchoro wake wote. Unaikamata bila kulipa bei ya ruhusa, unaifungua, unaangalia namna inatumika, unaitengeneza, unamupa jirani naye aitumie. DSpace iko hivyo. Na vitu vyenye inasimamia juu yake, kama Linux na PostgreSQL, navyo viko wazi.

Musomaji mumoja atasema: "Bwana muandishi, hayo ni maneno ya watu wa Kinshasa na wa Ulaya, sisi tunatafuta unga." Tunamujibu na historia yetu wenyewe. Tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1967 Serikali ya Congo ilikuwa imekamata mali ya Union Minière hapa Katanga. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mu mwezi wa pili wa mwaka ule ule, Serikali ilifanya patano na Société Générale des Minerais ya Ubelgiji, sababu kutumikisha viwanda na kuuzisha shaba kulihitaji watu wake na njia zake. Tulikuwa na mugodi, lakini ujuzi mingi ulikuwa fasi ingine. Mwenye kuwa na nyumba bila ufunguo anabisha hodi ku nyumba yake mwenyewe.

Na leo maandishi mingi ya Union Minière iko mu nyumba ya archives ya Serikali ya Ubelgiji, kule Bruxelles. Ni vizuri kama ilichungwa. Lakini mujukuu wa mutumishi wa Likasi mwenye anataka kujua babu yake alitumika namna gani, anahitaji pasiporo, visa na ndege. Tusifanye kosa lile mara ya pili na maandishi ya leo. Tukiweka memware za watoto wetu mu programu yenye ufunguo wake uko ku kampuni ya mbali, tutakuwa tumejenga Bruxelles ingine, na safari hii kwa mikono yetu.

Majirani walishaanza zamani. Iniversite ya Nairobi, Kenya, inatumia DSpace. Makerere ya Kampala, Uganda, inatumia DSpace. Iniversite ya kilimo ya Sokoine, kule Morogoro, Tanzania, nayo vilevile. Leo mulimi ao mwana masomo mwenye iko Likasi anaweza kufungua telefone na kusoma tezi ya Morogoro juu ya ugonjwa wa muhindi, bila kulipa kitu isipokuwa mega zake. Hizo si inchi zenye zina mali mingi kupita Katanga. Mu udongo wao hamuna kobalti kama yetu. Waliamua tu.

Sasa tujibu wenye mashaka, sababu mashaka yao si ya bure.

Wa kwanza wanasema: programu haina bei, lakini kazi iko na bei. Ni kweli, na mwenye anasema kinyume anaongopa. Panapaswa ordinatere yenye nguvu ya kutumika kama serveri. Panapaswa fundi wawili wenye wanajua Linux, na tunasema wawili kwa sababu mumoja akipata kazi ku kampuni ya mugodi ataondoka, na depo itakufa siku ile. Panapaswa mutu wa biblioteke wa kuandika vizuri majina, miaka na maneno ya kutafutia. Programu ya wazi haifute gharama hizo. Inafanya hivi: makuta yenye yangeenda nje juu ya ruhusa yanabakia hapa, yanalipa kijana wa hapa, na ujuzi unabakia mu kichwa chake.

Wa pili wanasema: umeme. Nao wako na haki. Ni haya kubwa kuona ziwa lenye kuzaa umeme na kijana anasoma na bougie kando yake. Lakini tufanye hesabu. Memware ya kurasa 80, bila foto mingi, inaweza kukamata mega 5 hivi. Memware 1.000 ni giga 5. Giga 5 zinaingia mu karte ndogo ya telefone, ile yenye unaweka nyimbo. Kwa hiyo mzigo wa maandishi yenyewe si mukubwa. Plake za jua na betri zinaweza kushika serveri wakati umeme unakatika. Nakala moja ikae mu muji mwingine, Lubumbashi ao Kolwezi, ili moto ao mwizi asimalize yote siku moja. Na fasi intaneti haiko, mashini ya ndani inaweza kusomwa mu chumba cha masomo bila intaneti hata kidogo.

Wa tatu ni vijana wenyewe. Wanaogopa: "Nikiweka memware yangu wazi, mwingine ataiiba." Tunasema kinyume. Mwizi anapenda kabati ya giza. Memware yenye iko mu kabati ya Likasi, mutu wa muji mwingine anaweza kuikopi na kubadilisha jina, na nani atajua? Yenye iko mu depo inabeba jina na tarehe, na kila mutu anaweza kulinganisha.

Wa ine hawasemi kwa sauti. Ni wale wenye hawapendi hesabu ya maji na ya vumbi itokee. Hatutaje mutu. Tunasema tu kama kampuni yenye inafanya kazi yake vizuri haina sababu ya kuogopa karatasi yenye inasomwa na wote. Na kama karatasi iko na makosa, ikiwa wazi, makosa yake yataonekana vilevile, na mwenye anajua kupita atasahihisha. Ikiwa imefichwa, kila mutu anasema yake, na uongo wa barabarani ndio unatawala.

Lakini depo peke yake haitoshe, na hapa ndipo tunataka kusimama. Ile kazi ya 2010 juu ya Lufira haikuwa imefungwa. Gazeti ile haiombe makuta. Iliandikwa mu Kifaransa cha wachunguzi, na meza mingi za metali na vipimo vyenye hata mwenye diplome anasoma mara mbili. Mulango wazi haumusaidie mutu mwenye haelewi kile kiko ndani ya nyumba. Kwa hiyo tunaomba jambo moja dogo, lenye halina bei kubwa: kila memware na kila tezi yenye inahusu watu, maji, udongo, chakula ao kazi ya mu jimbo hili, iingie mu depo na ukurasa mumoja wa Kiswahili. Ukurasa mumoja tu. Tulitafuta nini? Tulikuta nini? Hatukujua bado nini? Mama afanye nini? Na kwa sababu programu iko wazi, tunaweza kuweka Kiswahili hata ku vifungo vyake, bila kuomba mutu ruhusa.

Kijana mwenye hawezi kueleza mama yake kile aliandika mu kurasa 80, pengine naye hakukielewa vizuri.

Makuta yatoke wapi? Sheria iko. Kode ya migodi ya 2018 inaagiza kampuni yenye kuchimba iweke kando 0,3 kwa mia ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wa fasi ile. Inaagiza tena kama 15 kwa mia ya redevance ya migodi iende ku mamlaka ya fasi yenye mugodi uko, na 25 kwa mia ku jimbo. Kila siku tunasikia madaraja, masomo, hospitali, na ni mambo mazuri. Lakini serveri moja, plake za jua na mushahara wa vijana wawili ni kitu kidogo mu hesabu ile. Wenye wanakaa ku meza wakati wa kuandika cahier des charges, wazee wa kartye, ba mama wa soko, watu wa sindika, waweke mustari ule mumoja.

Kwa wakubwa wa iniversite za Lubumbashi na za Likasi tunasema: toeni agizo. Diplome isitoke mbele memware haijaingia mu depo. Na mwana masomo asiombwe hata falanga moja juu ya kuiingiza, sababu alishalipa ya kutosha. Fasi kazi imeanza, ipanuliwe. Fasi haijaanza, ianze na memware 100, si lazima kungojea nyumba kubwa na sherehe ya kukata kamba. Vijana wa ordinatere wa hapa wanaweza kuanza na mashini moja.

Kwa sindika za watumishi tunasema: siku ya mukutano, musome ukurasa mumoja wa Kiswahili mbele ya watu. Juu ya vumbi, juu ya masikio, juu ya mugongo. Mutumishi mwenye anajua kile kiliandikwa juu ya mwili wake anabishana na patro namna ingine.

Na kwa wewe baba, wewe mama, mwenye mutoto wako anaandika memware mwaka huu: umuulize swali moja tu. "Siku utamaliza, maandishi yako itakaa wapi, na mimi nitaisoma namna gani?" Akikosa jibu, muende pamoja kuuliza wakubwa wake. Samaki wa kesho asubui atakuja, na mama atachagua tena kwa jicho peke yake. Anapaswa kupata pia kile wengine walishaona.